Majani ya pembeni wakati wa mvua, Lubumbashi

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini majani marefu ya pembeni mwa uwanja wenu wa gofu yanawashinda kila mvua zinapoanza, ingawa mnayakata hadi chini mara moja kwa mwezi. Naona kosa liko hapo hapo. Kuanzia Novemba hadi Machi, joto na maji vinapokutana hapa Lubumbashi, mwezi mmoja ni muda mrefu mno. Msiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkato mmoja: mkitaka yabaki sentimita 6, yakateni yanapofika 9, hata ikiwa ni kila baada ya siku chache, kwa sababu jani likinyolewa hadi shinani mzizi hudhoofika, jua hupiga udongo mtupu na magugu hupata nafasi. Mbolea ya naitrojeni msiitie pembeni kabisa, maana huyafanya majani yakue haraka zaidi. Tena noeni visu. Kesho yake inama utazame ncha ya jani, na ukiikuta imechanika nyuzinyuzi na kugeuka rangi ya kahawia, basi kisu ni butu. Udongo wetu mwekundu ukiwa umelowa, subirini, kwani magurudumu ya mashine huacha mifereji.