Bunduki Ikikwama, Je, Mchezo Nao Umekwama?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na mdogo wangu tunabishana mwezi wa pili sasa. Amepata gemu ya zamani ambayo kompyuta yetu inaimudu, S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl, naye anaisifu kwamba ina uhalisia kuliko nyingine zote, kwa kuwa mhusika huona njaa, huvuja damu, hulemewa na mzigo, na bunduki yake huchakaa. Mimi nimeuawa mara nyingi kwa sababu bunduki ilikwama adui akiwa hatua tatu mbele yangu. Gemu ni ya kuchezwa. Uhalisia wa namna hiyo ni kero tupu. Ni nani kati yetu aliye sahihi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, nikiwagawia ushindi nusu kwa nusu nitakuwa nimewadanganya nyote wawili. Mdogo wako amekaribia zaidi, ila sababu aliyoitoa siyo.

Mchezo huo ulitolewa mwaka 2007 na kampuni ya GSC Game World ya Kyiv, nchini Ukraine. Waundaji wake walikwenda wenyewe katika eneo lililofungwa kuzunguka kituo cha nyuklia cha Chernobyl, ambacho kinu chake namba 4 kililipuka tarehe 26 Aprili 1986, wakapiga picha za majengo ya mji wa Pripyat, ambao wakazi wake wapatao 49,000 waliondolewa siku iliyofuata. Ndiyo maana kuta zile zilizobanduka rangi zinasadikika. Hata hivyo, watu hao hao waliokuwa makini na kutu ya mlango mmoja waliufupisha umbali bila huruma: eneo lililofungwa lilipangwa kwa kipimo cha kilomita 30 kutoka kituoni, na mwendo ambao kwa miguu ungemla mtu siku nzima, mchezaji huumaliza kwa dakika chache. Sijasikia mtu akilalamika. Kutembea siku nzima msituni ni uhalisia mtupu, lakini katika mwendo huo mchezaji hana la kuamua.

Basi kipimo changu ni hicho. Uhalisia ubaki pale unapomfanya mchezaji achague jambo na kubeba matokeo yake. Unapomla muda tu, uondolewe. Chukua suala la mzigo. Katika mchezo huo, ukizidisha kilo 50 unachoka upesi, na ukivuka 60 huwezi kupiga hatua. Askari wa kweli hakimbii huku na huko na kilo 50 mgongoni, kwa hiyo hesabu yenyewe ni ya uongo. Lakini uongo huo unazaa swali la kweli kila unapopekua maiti: nichukue bunduki hii nikaiuze, au nibaki mwepesi kwa sababu njia ya kurudi ina mbwa?

Sasa tuje kwenye bunduki yako. Kukwama kwake hakutokei ghafla kama radi, kwa sababu hali ya silaha unaonyeshwa, na kadiri inavyochakaa ndivyo inavyokwama mara kwa mara. Kosa la waundaji, nami nakuunga mkono hapa, ni kwamba katika toleo lile la kwanza hawakuweka fundi wa kuitengeneza. Mchezaji anapewa ugonjwa bila dawa. Toleo la Clear Sky la mwaka 2008 lilileta mafundi, na papo hapo uchakavu ukawa suala la bajeti: utengeneze bunduki au ununue risasi? Kwa sasa, usiing'ang'anie bunduki uipendayo. Itupe mapema uchukue ya adui iliyo nzima zaidi, na uwe na bastola ya akiba.

Kuhusu njaa, mdogo wako amekosea kabisa. Binadamu mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula mradi apate maji, ilhali wahusika hawa hudai mkate kana kwamba ni watoto wachanga. Tena mkate uko mfukoni, unabonyeza, umekwisha, hakuna ulichoamua. Gemu nyingine, Fallout: New Vegas ya mwaka 2010, ina hali ngumu ya hiari, ambamo mchezaji lazima ale, anywe na alale. Kwangu mimi, kilichoubadilisha mchezo huo hasa si chakula, ambacho ni kingi mno, bali ni kwamba katika hali hiyo risasi zina uzito na dawa huponya polepole, kwa hiyo huwezi tena kujidunga sindano katikati ya mapambano ukasimama kama mtu asiyeguswa.

Kama mnataka mfano mzuri kuliko yote, tafuteni Metro 2033, iliyotolewa pia mwaka 2010, nayo ni kazi ya Waukraine, 4A Games. Watu wanaishi katika mahandaki ya treni kwa kuwa hewa ya nje ina sumu, na ukitoka saa ya mkononi inakuonyesha muda uliobakia kwenye chujio la barakoa. Risasi bora za kijeshi ndizo fedha za mahandakini, kwa hiyo ukizifyatua unamuua adui upesi na unafilisika papo hapo. Nakiri kwamba niliwahi kufyatua akiba yangu yote kwa woga tu. Katika hali yake iitwayo Ranger, unakufa kwa risasi chache na adui naye vivyo hivyo. Ukali ukiwa wa pande zote mbili, mchezaji hana wa kumlalamikia.

SWALI: Kwa nini katika gemu hiyo ya Chernobyl bunduki nyingi hutema maganda ya risasi upande wa kushoto, wakati AK halisi hutema kulia? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Macho yako ni makali. Silaha ikiwa upande wa kulia wa skrini, unachokiona ni ubavu wake wa kushoto. Maganda yakitoka kulia, hutaona kitu. Huo ni uongo kwa ajili ya macho.

SWALI: Je, ni kweli vodka huondoa mionzi mwilini? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana. Vidonge vya iodini hulinda tezi ya thairoidi tu, tena dhidi ya iodini yenye mionzi, vikimezwa kabla au mapema baada ya ajali. Na ipo dawa iitwayo Prussian Blue inayosaidia mwili kuitoa sesiamu, kemikali nyingine yenye mionzi. Pombe haimo. Mchezoni vodka hupunguza mionzi, lakini skrini huyumba na shabaha hupotea, hivyo lazima uamue kama adui yuko mbali vya kutosha. Kwa kipimo nilichompa msomaji wa Morogoro, uongo huo naupitisha.