Shangazi, nampigia debe mtu asiye wa kwetu

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi kwetu Tanga ila nasoma hapa Bagamoyo, mwaka wa pili. Tunachagua rais wa serikali ya wanafunzi na mi nampigia debe kaka mmoja wa Kigoma, maana mwaka jana bumu, yani ile hela ya mkopo ya kujikimu, lilivyochelewa yeye hana hata cheo lakini alikaa na sisi foleni toka asubuhi na kaunta buku lake, anaandika jina, namba ya mtihani ya kidato cha nne, nani hajaingiziwa, jioni akaipeleka listi kwa afisa mikopo na kesho yake akarudi kumwambia kila mtu jina lake limekwama wapi. Sasa wenzangu wa Tanga wana mgombea wao, wanasema nimewasaliti, wamenitoa kwenye grupu la wasapu na mwenzangu wa chumbani hanisemeshi. Ninyamaze tu nipige kura kimyakimya?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usinyamaze. Kura ni siri yako, ila debe hupigwa hadharani na wewe una sababu uliyoiona kwa macho yako, hiyo kaunta buku isimulie hivyo hivyo ulivyonisimulia mimi. Hilo la kwetu na kwao linaniuma kwakweli, mana mwaka 1971 pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, rais wa wanafunzi alikuwa Akivaga, Mkenya kabisa, akaandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, akakamatwa, na wanafunzi wakagoma kwa ajili yake, na wengi wao walikuwa Watanzania!

Ila huyo kaka yako naye usimbebe tu. Muulize mbele za watu bumu likichelewa tena wiki ya kwanza atafanya nini, na ile hela ya serikali ya wanafunzi mnayolipa pamoja na ada atawasomea lini mapato na matumizi. Mgombea wa Tanga muulize hayo hayo, kwa heshima, usimtukane wala usisambaze picha zake, huyo ni ndugu yako na mtapanda basi moja kurudi likizo. Siku ya kura omba uwe wakala, ukae mpaka karatasi ya mwisho ihesabiwe.

Mwenzio wa chumbani usimsubiri akuanze. Leo jioni chemsha chai, nunua mihogo ya kukaanga, mwite kwa jina lake mle, uchaguzi msiutaje.