Jibu kwa aliyeuliza: baiskeli na hema, peke yako, pwani ya kusini ya Shikoku

Ndugu uliyeuliza kuhusu kupita pwani ya Shikoku, Japani, kwa baiskeli ukiwa peke yako na hema, una siku kumi na Kijapani chako hakivuki salamu: umetaka kujua kilomita ngapi kwa siku zinatosha. Zinatosha 50 hadi 60. Hata hivyo, swali hilo silo litakalokusumbua ukishafika kule, kwani barabara ni nzuri na magari yanapita kushoto kama kwetu. Kitakachokusumbua ni jioni, yaani mahali pa kulaza ubavu. Nakushauri uipange kila siku kuanzia hapo na kurudi nyuma hadi asubuhi, jambo ambalo mimi sikulifanya, na likanigharimu.

Nipo Osaka kimasomo. Aprili ya mwaka jana nilivuka kwa feri kutoka Wakayama hadi Tokushima, safari ya saa mbili hivi, nikaishika barabara ya taifa namba 55, ambayo inashuka ukingoni mwa bahari hadi rasi ya Muroto na kupanda tena upande wa pili mpaka mji wa Kochi. Baada ya Kochi niliifuata namba 56 hadi mto Shimanto, kisha nikateremka kwenye rasi ya Ashizuri. Zilikuwa kama kilomita 400 kwa siku nane, pamoja na siku moja niliyoshinda ndani ya hema kwa mvua.

Usiku wa kwanza nililala Hiwasa, mji mdogo ambao ufuo wake hupandwa na kasa kutaga mayai tangu Mei hadi Agosti; ukipita miezi hiyo, usithubutu kupiga hema mchangani wala kuwasha taa huko. Kutoka hekalu la Hiwasa hadi lile linalofuata, kule Muroto, ni kilomita 75 hivi, na mahujaji wanaotembea kwa miguu kuyazunguka mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku wanaliogopa pande hilo kwa urefu wake. Mwendesha baiskeli halimtishi kwa urefu, bali kwa uhaba wa maduka: kuna sehemu ambapo upande mmoja ni mlima, wa pili ni bahari, na katikati ni lami na wewe. Jaza chupa za maji na ununue chakula cha usiku kabla ya kuingia humo.

Humo ndimo nilimokosea. Jioni ya pili nilifika kwenye bandari ndogo ya wavuvi, nikaona nyuma ya ukuta wa kuzuia mawimbi pana sakafu safi ya zege, choo kipo jirani, wala hapana mtu. Nikapiga hema, nikalifunga kwenye mawe kwa kuwa vigingi haviingii kwenye zege, nikajisifu kwa ujanja wangu. Giza lilipokaribia, mzee mmoja alikuja na kigari kidogo cha mizigo, akasimama, akalitazama hema, akaitazama bahari. Hatukuwa na lugha ya pamoja. Alitamka “tsunami”, kisha akanyoosha kidole kwenye ngazi za zege zilizopanda mlimani nyuma ya nyumba, zenye kibao kinachoonyesha urefu wa mahali hapo kutoka usawa wa bahari. Akashika kijiti cha hema langu kwa vidole viwili, akakitikisa, akatikisa na kichwa. Nikainama kumshukuru, nikabaki palepale. Naye hakubishana, alinipa mabalungi mawili makubwa yenye ganda la manjano, akaondoka.

Saa nane usiku upepo ulizunguka ukaanza kuingia kutoka baharini. Kijiti kimoja kikavunjika, hema likanilalia usoni, na saa zilizobaki nilizimaliza nimekaa kwenye ukumbi wa choo nikimenya balungi. Asubuhi nilikiunga kile kijiti kwa kipande cha mwanzi na gundi ya utepe, na kikanifikisha mwisho wa safari.

Siku mbili baadaye nilipita Kiragawa, mtaa wa zamani upande wa magharibi wa rasi, na hapo ndipo nilipomwelewa yule mzee. Kuta za nyumba zimepakwa lipu nyeupe na kuwekewa safu za vigae vidogo, moja juu ya nyingine, vikitokeza kama kope ili kuitupa nje mvua inayokuja kwa ubavu. Nyumba nyingine zimezungushiwa ukuta wa mawe ya mviringo. Watu hawajengi namna hiyo kwa mapambo. Tufani ya Septemba 1934 inaitwa kwa jina la Muroto hadi leo. Kwa hiyo ukifika kijijini, tazama kwanza nyumba zimejikinga upande gani, ndipo uchague pa kulala.

Kuhusu tsunami, lichukulie kwa uzito bila kukosa usingizi. Mwaka 2012 makadirio ya serikali yaliutaja mji wa Kuroshio, ambao utaupitia baada ya Kochi, kuwa unaweza kufikiwa na wimbi la zaidi ya mita 34, na pwani nzima utaona minara ya kukimbilia na mishale inayoelekeza mlimani. Kila jioni kabla ya kufungua mizigo, panda njia hiyo mara moja kwa miguu uijue gizani. Ardhi ikitikisika kwa nguvu au kwa muda mrefu, usingoje king’ora, na baiskeli iache hapo hapo.

Wengi watakushauri ulale kwenye vituo vya mapumziko vya barabarani vinavyoitwa “michi-no-eki”. Vyoo na maegesho yake huwa wazi saa 24, na kupumzika humo hakuna anayekukataza, lakini havikuwekwa kuwa nyumba ya wageni, na kupiga hema bila ruhusa ni kuwaharibia wanaokuja nyuma. Mimi nilikuwa nauliza kabla hawajafunga, kwa sentensi moja niliyoiandika kwenye karatasi. Mara mbili nilikubaliwa, mara moja nikaelekezwa kwenye kambi ya manispaa. Epuka wiki ya sikukuu ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, kwani kambi hujaa, na uepuke pia Juni ya mvua.

Mahandaki ndiyo yaliyonitia hofu kuliko kilima chochote. Lile la kuelekea Ashizuri, Shin-Izuta, lina zaidi ya kilomita moja na nusu, na lori likiingia nyuma yako mngurumo wake hukufikia mapema mno, hata usijue liko mbali au limeshakugusa. Vaa kizibao cha kung’aa, washa taa mbili za nyuma, na penye njia ya waenda kwa miguu shuka ukokote.

Gesi usiisafirishe kwa ndege. Nunua jiko linalotumia makopo marefu ya nyumbani, yanayopatikana hata katika maduka madogo. Takataka utazibeba mwenyewe, maana mapipa ni adimu. Beba tyubu mbili, viraka na solesheni, kwa kuwa fundi anaweza kuwa mbali siku nzima.

Nilirudi kwa treni kutoka stesheni ya Nakamura, karibu na mto Shimanto. Sharti ni baiskeli ifunguliwe magurudumu na iingie yote ndani ya mfuko wake. Tandiko langu lilichungulia nje kidogo, mhudumu akanisubiri kwa upole mpaka nikalishusha.