Ndoo Ikiwa Bado Ina Joto

Wiki iliyopita kijana mmoja wa hapa Tanga alinijia akiwa amekumbatia ndoo kama mtoto mgonjwa, akaniamkia haraka haraka na kuuliza, "Kaka, mbona mabuu wangu wote wamepanda juu? Au wanapunga upepo?" Nilitia mkono nikautoa upesi, kwa maana udongo ulikuwa moto kama uji ulioepuliwa sasa hivi. Ni ndoo ya tatu ya namna hiyo kuletwa barazani kwangu mwaka huu, na ndiyo sababu ninawaandikia ninyi mnaoanza kufuga mbawakawa.

1. Msikimbilie malisho mapya. Mnaochachusha unga wa mbao kwa pumba za ngano, ili mabuu wakae ndani yake na kuula, mnaujua utaratibu: kulowesha, kugeuza kila siku, na kungoja hadi joto la kuchacha na uchachu viishe na ibaki harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Nisilolijua mimi zamani ni kwamba mchanganyiko unaweza kupoa bila kuiva. Nilikuwa na mabuu 14 wa Goliathus orientalis, mbawakawa wakubwa wa Afrika, wote wa hatua ya tatu, ya mwisho ya ubuu, kila mmoja akijaza kiganja. Wiki ya tatu niligusa, nikakuta umepoa, nikafurahi, kumbe ulikuwa umekauka tu na vijidudu vinavyoozesha mbao vilikuwa vimelala, havijafa. Nikaumwagia maji, nikawaweka mabuu, nikafunika kwa mfuniko wenye matundu matatu ya msumari. Ilikuwa Ramadhani, nilipoamka kula daku niliwakuta kama kumi wamejitokeza juu. Buu aliyekomaa naam huzunguka akitafuta pa kujenga chumba chake cha kugeukia mbawakawa, lakini huyo hutoka peke yake. Wakitoka kumi usiku mmoja, chini hakuna hewa au kunaunguza. Mimi niliwadhania utundu. Niliwafukia tena mmoja mmoja kwa vidole vyangu hivi, nikaushindilia udongo juu yao, nikarudi kwenye chakula. Asubuhi nilipofunua, mvuke ulinipiga usoni, na walikuwa weusi, laini kama ndizi zilizooza, isipokuwa wawili waliokuwa wamejibana ukingoni. Mama, ambaye hakuwahi kuwapenda, alichukua jembe akanisaidia kuwazika bila kusema neno, na ukimya wake uliniuma kuliko kama angenicheka.

2. Unga wa mbao wa mtiki msiuchukue kwa sababu tu seremala anautoa bure, kwani mtiki unapendwa na maseremala kwa kuwa wadudu hawauwezi. Majani ya mwarobaini nayo yaacheni. Gogo lililooza hadi linameguka mkononi linatosha.

3. Buu wa Goliathus anahitaji protini, kwa hiyo mpeni vidonge vya chakula cha mbwa au cha samaki, na kila mmoja akae chombo chake, maana hulana.

4. Wengi huniuliza kama waanze na chonga, yule mbawakawa wa minazi, kwa kuwa huokotwa bure katika magogo ya minazi yaliyooza. Buu wake kweli hula mti uliokufa, lakini chonga mkubwa hutoboa kilele cha mnazi ulio hai, na sisi tunaishi kati ya minazi ya watu. Wangu mmoja alitoroka usiku. Siku ya pili mzee jirani alibisha hodi na kikopo mkononi, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu ni wako?" Sikuweza kumkana, kwa kuwa nilikuwa nimempaka nukta ya rangi nyeupe mgongoni.

5. Chumba cha pupa, yaani buu anayegeuka kuwa mbawakawa, hakivunjwi ili kuchungulia, hata kama mgeni amesafiri kutoka Muheza kuja kuona.

Ndoo ya yule kijana tuliimwaga juu ya turubai kivulini, tukawahamishia mabuu kwenye udongo wangu wa zamani. Kati ya tisa, sita walikuwa wazima hadi jana jioni. Malisho yake aliniachia, na leo asubuhi bado yalikuwa vuguvugu.