Shekhe, kila nikitoka Instagram najiona mbaya, napata dhambi?

SWALI: Asalam aleykum shekhe. Mimi ni binti wa miaka 22, niko Tanga. Nikishinda Instagram najiona mbaya, mnene, mweusi. Nikipost picha na filta halafu laiki zikawa chache naifuta. Sasa nimeanza na krimu ya kujichubua. Je nakufuru neema ya Allah? Na akaunti niifute?

JIBU: Waaleykum salaam warahmatullah, mwanangu. Tulia kwanza. Lile wazo linalokupitia tu moyoni kwamba fulani kakuzidi huandikiwi dhambi, Mtume (s.a.w) katwambia Allah ameusamehe umma wake yale nafsi zao zinayowaambia maadam hawajayatamka wala kuyatenda. Tatizo ni jicho unalipeleka wapi kutwa nzima. Mtume katuamrisha tuangalie walio chini yetu tusiangalie walio juu yetu, ili tusidharau neema tulizopewa, sasa hiyo simu inakufanyia kinyume chake, kila ukisogeza kidole inakuletea aliye juu yako, mwingine, na mwingine tena.

Tena hata hao walio juu hawako hivyo. Juzi nilikwenda kufungisha ndoa, mabinti wanne wamekaa pembeni wanapiga picha, wakapiga wee, biriani imeletwa imepoa wao bado wanachagua moja, wakaichagua wakaanza kuing'arisha na kupunguza mashavu. Wewe uko kwenu umeamka hata uso hujanawa, unajipima na ile moja!

Halafu umeandika "mweusi" kama vile unataja ugonjwa, hilo limeniuma sana. Soma Suratu Rum aya ya 22, Allah kataja kutofautiana rangi zetu kuwa ni katika ishara zake. Ishara, mwanangu, yaani ngozi yako mtu mwenye akili akiiangalia inatakiwa imkumbushe Muumba. Krimu iache leo, sio kesho. Zile zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Tanzania kwa sababu zinadhuru mwili, na mwili ni amana.

Akaunti sikulazimishi kuifuta. Ila wale wanaokutia unyonge acha kuwafuata, hata kama ni rafiki zako, huo sio uhasama. Idadi ya laiki unaweza kuificha, Instagram wameruhusu tangu 2021. Na zile picha za kujipamba kwa ajili ya watu usiowajua ziondoe, pambo lako lina wenyewe. Usiku kabla hujalala weka simu chumba kingine, ukisimama mbele ya kioo omba kama alivyokuwa akiomba Mtume, Ewe Allah, kama ulivyolifanya zuri umbo langu basi ifanye nzuri na tabia yangu.

Ikiwa umefika mahali huli, hulali, au unachukia kuishi, mwambie mama leoleo na nendeni hospitali. Kutafuta tiba sio upungufu wa imani, Mtume mwenyewe katuamrisha tujitibu.

Wallahu aalam.