Mkorosho haujui tarehe 1 Julai

Wadogo zangu mnaoripoti idara ya mipango ya halmashauri huku Lindi na Mtwara, naomba mshike hili kwanza, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai lakini mkorosho wakati huo unakuwa ushaanza kutoa maua, na hapo ndo tunaumia wengi. Mimi niliumia mwaka wangu wa kwanza kabisa. Niliandika kwenye bajeti salfa ya wakulima, ile dawa ya kupulizia mikorosho, robo ya kwanza, kwenye makaratasi imekaa vizuri, Julai mpaka Septemba, sasa Julai hela haijaingia, ilipoingia ndo tunaanza zabuni, mpaka mzigo unashushwa kijijini ni katikati ya Septemba. Mama mmoja akanipeleka shambani kwake, akavunja shada la maua akalisugua kiganjani likawa vumbi, ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho ambao salfa ndo inauzuia, ushamaliza kazi. Akaniambia, "Mwanangu, hii dawa sasa naipulizia wapi?" Mpaka leo sina jibu lake.

Kwa hiyo anzeni na siku kitu kinapotakiwa shambani afu mrudi nyuma, toa siku za kusafirisha, toa za zabuni, toa za kusubiri fedha. Mtakuta salfa ya msimu huu ilitakiwa kukaa bajeti ya mwaka uliopita, robo ya nne. Na kalavati usiliweke Februari, mvua hizo gari halifiki.

Mapato ya ndani ya halmashauri nayo usigawe kwa nne jamani. Ushuru wa korosho unaingia minada ikishaanza, Oktoba kwenda Januari hivi, baada ya hapo kimya mpaka ufuta ufike sokoni katikati ya mwaka. Ukigawa sawasawa utaahidi malipo mwezi Machi ambao akaunti imekauka, na anayekaa bila posho ni mtendaji wa kijiji. Fungua makusanyo ya miaka mitatu nyuma, mwezi kwa mwezi, ndo uandike.

Halafu kuna ile miradi ya miaka mingi. Waingereza walikuja Nachingwea na mradi wa karanga, 1947 umeanza 1951 umeachwa, waling'oa misitu kabla hawajaijua vizuri ardhi wala mvua yake. Sisi tunafanya hivohivo kwa udogo, tunagawa miche ya korosho Desemba, Juni tunaandika "imetekelezwa", wakati mche unahitaji kama miaka mitatu ndo uanze kuzaa. Siku unayoandika hela ya miche, andika hapohapo na ya palizi na kuziba mapengo ya miche iliyokufa mwaka wa pili na wa tatu.