Jibu: Mtoto wa wiki 7 hajapata choo siku 4, tena anacheua sana

Pole, dada. La choo lisikukoseshe usingizi. Kwa kuwa ananyonya maziwa yako tu, baada ya wiki 6 hivi anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki nzima, bila kupata choo. Angalia kinavyotoka: kikiwa laini, hajafunga choo, hata kama alijikamua mpaka uso ukaiva. Wangu alinifanyia hayo hayo, nikawa nachungulia nepi kila saa kama askari wa doria! Usimpe maji wala dawa za kuambiwa na majirani. Kabla ya miezi 6 maziwa yanamtosha.

Kucheua nako, mpapase mgongo katikati ya kunyonya mpaka abeue, kisha mshike wima dakika 20 hadi 30. Kama anaongezeka uzito na nepi zinalowa vizuri, kazi yako ni kufua tu.

Ila akitapika kijani au kwa kuruka mbali kila mara, tumbo likivimba na kuwa gumu, ukiona damu kwenye choo, akigoma kunyonya, au joto likifika 38, usisubiri majibu yetu humu. Mpeleke hospitali hapo hapo.